Kilo zinazopotea mgongoni mwa mchuma chai

Mei 2023, waandamanaji Kericho walipochoma mashine za kuvunia chai, mabishano yalikuwa juu ya mambo mawili: ajira za watu na gharama za kampuni. Mgongo wa mchumaji haukuzungumzwa sana, ilhali ndio uliobeba zao hilo miaka yote.

Wenye mashamba wana hoja ya kusikilizwa. Bei ya mnada wa Mombasa hawaipangi wao, na mashine moja huvuna kwa siku sehemu ambayo ingehitaji watu wengi. Husema pia kwamba malipo kwa kilo ni ya haki: mwenye nguvu achume zaidi, aliyechoka apumzike. Wapo wachumaji hodari wasiotaka mfumo huo uguswe, kwa kuwa ndio unaowalipia karo ya watoto.

Lakini tuihesabu kilo yenyewe. Chipukizi la majani mawili na ncha yake lina uzito wa kama gramu moja, mara nyingi pungufu. Kilo ni machipukizi 1,000 au zaidi. Anayefikisha kilo 30 kwenye mizani amekwanyua 30,000. Hata akikamata matatu kwa mkupuo, vidole vimefunga na kufunguka mara 10,000 siku hiyo, kifundo cha mkono kikipinda kila mara, mikono ikirudi nyuma kutupia majani kapuni. Na kapu linazidi kuwa zito kadiri anavyofanya kazi vizuri, juu ya mteremko unaoteleza kwa mvua.

Kisha kuna kimo cha chai. Michai hukatwa kila baada ya miaka mitatu au minne, na baada ya hapo meza yake, yaani uso wa juu unaochumwa, hupanda msimu hadi msimu. Ikiwa chini, mchumaji mrefu huinama kutwa. Ikipanda, mfupi huinua viwiko hadi usawa wa mabega. Msuli uliokazwa bila kuachiwa haupati damu ya kutosha, kwa hiyo bega huungua kabla mwili mzima haujachoka.

Uchovu huo unaandikwa wapi kwenye vitabu vya shamba? Hauandikwi popote, na kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote. Mfanyakazi wa mshahara wa siku akipunguza kasi saa nane mchana, hasara ni ya mwajiri, naye atataka kujua sababu. Wa kilo akipunguza kasi, hasara ni yake mwenyewe. Kwa mwajiri, kila kilo imegharimu malipo yaleyale. Ndiyo maana meneja anaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba maumivu hayamgharimu kitu. Tija imeshuka, ila aliyeilipia ni mama aliyerudi nyumbani na kilo 24 badala ya 30. Kinachofika kiwandani ni dalili tu: mkono uliochoka hauchagui, huvuta na majani magumu, na nyapara humgombeza kwa uzembe.

Mashine nazo hazimalizi jambo. Ile ya kushikwa na watu wawili huleta mtetemo mikononi na kelele masikioni.

Frederick Taylor, mhandisi Mmarekani aliyepima kazi za viwandani na ambaye hakuna aliyemshuku kuwapendelea vibarua, aliandika mwaka 1911 kwamba mtu anayebeba vipande vya chuma vya kilo 42 anaweza kuwa na mzigo kwa asilimia 43 tu ya siku. Muda uliobaki lazima awe mikono mitupu. Hakusema hayo kwa huruma. Alikuwa anatafuta tani nyingi zaidi.

Mwaka 2022 mahakama ya Edinburgh, Scotland, iliwaruhusu wachumaji wa Kericho waungane katika kesi moja dhidi ya mwajiri wao, kampuni iliyosajiliwa huko, kuhusu maumivu ya mgongo. Novemba 2023 majaji wakaisimamisha, wakiwaelekeza kwanza kwenye sheria ya fidia ya Kenya. Fidia, hata ikipatikana, huja mgongo ukiwa umeshaharibika.

Kabla ya hapo kuna mambo yasiyohitaji hakimu: mizani iwe karibu na safu ili kapu litolewe likiwa nusu, wafupi wapangiwe chai iliyokatwa karibuni, na dakika za kupumzika zilipwe. Hilo la mwisho ndilo litakalokataliwa kwanza, maana ndilo pekee linalohamisha gharama ya uchovu kutoka kwa mchumaji na kuiingiza kwenye kitabu cha shamba.