Mji wa Kale ulikataa nini hasa?

Ukimtajia mtu korona na Mji wa Kale wa Mombasa kwa pamoja, awe wa Nairobi au wa Bamburi hapo ng'ambo ya daraja, jibu huja upesi: wale si ndio waliokataa kupimwa? Neno "ukaidi" nalo huwa halichelewi. Tarehe 6 Mei 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alipotangaza kwamba kwa siku 15 hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale, na Eastleigh kule Nairobi, wengi waliona wamejitakia. Viongozi wa kaunti, gavana wa wakati ule Hassan Joho akiwemo, walikuwa wameshalalamika hadharani kwamba watu hawajitokezi. Siku 15 zikaongezwa, zikawa mwezi, zikapita juu ya kumi la mwisho la Ramadhani na juu ya Idi yenyewe ya tarehe 24 Mei. Kizuizi kiliondolewa tarehe 7 Juni. Jina la ukaidi lilibaki.

Upande wa serikali una hoja, tena si hafifu. Ugonjwa huu uliweza kuambukizwa na mtu ambaye hajakohoa hata mara moja, kwa hiyo bila vipimo afisa wa afya alikuwa anapapasa gizani. Na Mji wa Kale, kwa jinsi ulivyojengwa, unaupa ugonjwa wa njia ya hewa kila unachokitaka. Kuna vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja lazima ageuze bega. Kuna nyumba za ghorofa zenye ngazi moja, choo cha shirika, bibi na wajukuu chumba kimoja. Agizo la kukaa mbalimbali mita moja na nusu lilikuwa kama mzaha kwa mtu wa Kibokoni, humohumo Mji wa Kale. Hospitali kuu ya Pwani, ambayo wengi wetu bado tunaiita Makadara, haikuwa na vitanda vya mahututi vya kuhimili wimbi kama lile tulilokuwa tukiliona Italia kwenye runinga. Wauguzi waliokuwa wakibisha milango nao walikuwa na wazee wao nyumbani. Kaunti iligawa chakula nyumba hadi nyumba. Anayesema haikujali hakuwapo, au alikuwapo akafumba macho.

Yote hayo nayakubali. Ninachokikataa ni ile picha ya watu wanaokimbia kijiti cha pamba cha kupimia.

Kipimo, Aprili ya mwaka ule, kilikuwa mlango tu, na nyuma yake kulikuwa na karantini. Aliyepatikana na virusi alichukuliwa kutengwa. Waliokaa naye nao walitakiwa wakae siku 14 katika kituo kilichoteuliwa, na kituo kilikuwa na bili. Zile za bei ya chini, katika vituo vya serikali, zilianzia takriban shilingi 2,000 kwa siku. Zidisha kwa 14, unapata 28,000 kwa kichwa kimoja.

Sasa mchukue muuza kahawa, mmoja wa wale wanaozunguka na dele, lile birika la kahawa, mkono mmoja na vikombe vikigongana mkono wa pili. Hata tukisema kikombe ni shilingi 10, bili ya mtu mmoja ni vikombe 2,800, na hapo hajatoa pesa ya buni, tangawizi wala makaa. Vikombe hivyo angeviuza lini? Kafyu ilikuwa inaanza saa moja jioni tangu tarehe 27 Machi. Magharibi ya Mombasa, majira yale ya mwaka, inaingia karibu saa kumi na mbili na robo. Katika Ramadhani biashara ya kahawa ndiyo kwanza inaanza watu wakishafuturu, wakitoka msikitini, wakikaa barazani. Kwa hesabu hiyo mwezi mzima wa kuvuna umebaki chini ya saa moja kila siku, na misikiti imefungwa, na baraza haziruhusiwi. Halafu aje mtu mlangoni amwambie ajitolee kupimwa yeye, mkewe, mama mkwe na watoto wawili. Watu watano ni shilingi 140,000.

Nimejaribu mara nyingi kujiuliza ningemshauri nini mtu huyu. Kwa uaminifu, najikuta namwambia akae kimya.

Bili isingekuwa kikwazo pekee, maana pesa huchangwa na pwani tunajua kuchangiana. Kilichoharibu zaidi ni kwamba karantini ilianza kutumika kama adhabu. Waliokamatwa nje saa za kafyu walipelekwa karantini. Mtu asiyeshukiwa ugonjwa wowote, kosa lake ni kuchelewa matatu, anafungiwa pamoja na watu wanaoshukiwa kuwa wagonjwa. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliandika mwishoni mwa Mei 2020 juu ya hali ya vituo hivyo, pamoja na watu waliozuiliwa kupita muda wao kwa sababu hawakuwa na pesa za kulipia. Ukishalitumia neno lilelile kwa tiba na kwa kifungo, watu watalisikia kwa ile maana inayouma. Mimi sioni ukaidi hapo, naona masikio yanayofanya kazi.

Na palikuwa na Siaya, kaunti ya magharibi mwa Kenya. Aprili hiyohiyo mfanyakazi mmoja wa bandari ya Mombasa alisafiri kwenda kwao, akafariki, na maafisa wa kaunti wakamzika usiku wa manane wakiwa wamevaa mavazi ya kujikinga, mwili ndani ya mfuko, bila jeneza. Video ilizunguka nchi nzima. Kila aliyeitazama Mombasa aliitazama akiwa na maiti wa nyumbani kwake akilini: nani atamwosha, nani atamkafini, nani atamsalia. Kwa Mwislamu mambo haya ni haki za maiti juu ya walio hai, na kuyakosa ni deni linalobaki shingoni. Sheria ya mazishi ya haraka ilikuwa na sababu za kitaalamu kwa wakati ule. Lakini aliyetaka watu wa Mji wa Kale wafungue milango kwa furaha wiki mbili tatu baada ya picha ile alikuwa anaomba kitu kikubwa sana.

Kuna takwimu ambayo huwa nairudia kila mjadala huu ukizuka, hadi rafiki zangu wamechoka kuisikia. Inatoka hapo Kilifi. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust walipima damu za watu waliojitolea kuchangia damu, sampuli 3,098, kutafuta kingamwili za korona, yaani alama kwamba mtu alishaambukizwa. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Science. Baada ya kusawazisha hesabu, kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.3. Nairobi ilikuwa asilimia 7.3. Mombasa ilikuwa asilimia 8.

Asilimia 8 ni mtu mmoja katika kila 12 au 13. Sensa ya 2019 iliihesabia Kaunti ya Mombasa watu 1,208,333. Wachangia damu ni vijana na watu wazima, tena wenye afya, kwa hiyo si haki kuchukua asilimia hiyo na kuibandika kwa kila mtoto na kila mzee. Ikate nusu basi, ukitaka kuwa mwangalifu. Bado unabaki na makumi ya maelfu ya walioambukizwa katika kaunti hii moja, wakati hesabu rasmi ya Kenya nzima, kufikia tarehe 16 Juni, ilikuwa haijafika 4,000.

Na angalia tarehe za damu zile. Zilikusanywa kuanzia 30 Aprili hadi 16 Juni 2020. Ya kwanza ni siku sita kabla Mji wa Kale haujafungwa, ya mwisho ni siku tisa baada ya kufunguliwa. Ni kama mtu alikaa na kamera akapiga picha ya kipindi kilekile cha kizuizi. Kinachoonekana ndani ya picha ni virusi vilivyokwisha kutapakaa kaunti nzima, huku askari wamesimama Digo Road wakilinda mtaa mmoja usivitoe. Tarehe 6 Mei, siku ya tangazo, nchi ilikuwa na wagonjwa 582 waliothibitishwa. Mtaa uliolengwa kwa vipimo ndio ulioonekana mgonjwa zaidi, na ulioonekana mgonjwa zaidi ndio uliofungwa. Sasa mtu wa Kisauni au Likoni aliyeyaona hayo, angekuwa na hamu ya kupimwa mtaani kwake?

Mwenye kutetea serikali atanijibu kwamba takwimu hiyo haikuwapo mezani mwezi Mei, na atakuwa amesema kweli. Aliyeamua, aliamua kwa kile alichokuwa nacho. Atasema pia kwamba kama maambukizi yalikuwa mengi kiasi hicho, basi vipimo vilihitajika zaidi. Na hilo nalo ni kweli, tena ndilo linaloniuma. Kitu unachokihitaji kwa wingi hukiwekei bei ya vikombe 2,800.

Wizara yenyewe inaelekea ililiona. Mapema Mei ilitangaza kuwa serikali itabeba gharama za karantini katika vituo vya umma. Sijui kama kuna habari njema iliyowahi kutoka kwa wakati mbaya zaidi, maana ilitoka pamoja na habari ya kufungwa mitaa. Watu walisikia kufuli, hawakusikia msamaha. Ndani ya Mji wa Kale mikahawa na masoko yalifungwa, kwa hiyo hata yule ambaye sasa angepimwa bila bili alikuwa ameshapoteza kazi kabla hajafungua mdomo kwa muuguzi.

Hapa ndipo ninapoihurumia kaunti, na najua si wengi watakaonifuata. Katiba ya 2010 iliwapa magavana hospitali, zahanati, magari ya wagonjwa na afya ya msingi. Lakini kanuni za korona za tarehe 3 Aprili 2020 zilitoka kwa waziri, kwa nguvu za Sheria ya Afya ya Umma iliyoanza kutumika mwaka 1921, enzi ya koloni, ambako raia ni mtu wa kuamrishwa na afisa ni mtu wa kubisha mlango. Faini ya kuvunja kanuni ilifika shilingi 20,000 au miezi sita jela. Aliyezisimamia barabarani alikuwa polisi, na polisi si wa gavana. Kufikia mwanzo wa Juni, mamlaka ya kuchunguza polisi, IPOA, ilikuwa imehesabu vifo 15 vilivyohusishwa na usimamizi wa kafyu. Jaji Weldon Korir alikuwa ameshaamua tarehe 16 Aprili kwamba kafyu ni halali lakini kipigo cha polisi si halali, uamuzi ambao kivukoni Likoni ulisomwa na watu ambao tayari walishapigwa mabomu ya machozi siku ya kwanza kabisa ya kafyu.

Kwa hiyo kaunti, ambayo ndiyo yenye wauguzi wanaojua nani anaishi ghorofa gani, ilibaki kuwa uso wa amri ambayo haikuiandika. Ingeweza kuisemea Nairobi kwa sauti kubwa zaidi, na hapo lawama yangu kwa gavana iko palepale. Kulalamika kwamba watu hawajitokezi ni rahisi. Kusema kwa nini hawajitokezi, mbele ya kamera zilezile, kungemgombanisha na wakubwa.

Juni ilipofika, baada ya kizuizi kwisha, serikali ilizindua mwongozo wa kuwatunza nyumbani wagonjwa wasio na dalili kali. Vitanda vya kutengea watu vilikuwa vinajaa. Kile ambacho watu wa Mji wa Kale wangekipokea Aprili kwa mikono miwili kikaletwa baada ya wao kukaa mwezi mzima nyuma ya vizuizi. Hata hivyo mwongozo ule ulikuwa na sharti: mgonjwa awe na chumba chake, chenye hewa, asichangie na wenzake. Rudi kwa muuza kahawa wetu na ngazi yake moja. Chumba hicho angekitoa wapi? Mwendo wa dakika chache kutoka mlangoni kwake kulikuwa na nyumba za wageni ambazo tangu Machi hazikuwa na mtalii hata mmoja, vitanda vimetandikwa, feni zimezimwa. Kaunti ingeweza kuzikodi kwa mwezi, jamaa wakaleta futari hadi mlangoni jioni, na mgonjwa akaisikia adhana ya msikiti wake mwenyewe.