Titi zima kwa saratani ya hatua sifuri: tusiharakishe kulaumu

Mwanamke wa Tanga akikutwa na saratani ya titi ya hatua sifuri, ambayo seli zake hazijatoka nje ya mirija ya maziwa, halafu akaamua titi lote liondolewe, hakosi wa kumlaumu. Ataambiwa amekurupuka: kwa nini asikatwe sehemu yenye ugonjwa tu?

Wanaosema hivyo wana hoja. Uchambuzi wa wanawake zaidi ya 100,000 wa Marekani wenye saratani ya hatua hiyo, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba ndani ya miaka 20 waliokufa kwa saratani ya titi walikuwa asilimia 3.3 tu, na waliokatwa titi zima hawakuonekana kuishi zaidi ya wenzao. Mara nyingi ugonjwa wenyewe haushikiki hata kwa vidole. Huonekana kwenye mamografia, yaani picha ya eksirei ya titi, kama punje nyeupe za chumvi. Kupoteza titi kwa ajili ya hizo punje, na ganzi ya kifua juu yake, si jambo dogo.

Lakini hiyo ni nusu ya habari. Kukata sehemu tu kwa kawaida huandamana na tiba ya mionzi. Majaribio yaliyojumlishwa pamoja yalionyesha kuwa bila mionzi, wanawake 28 hivi kati ya 100 ugonjwa uliwarudia katika titi lile lile ndani ya miaka 10. Kwa mionzi, 13. Na karibu nusu ya unaorudi huwa sasa ni saratani inayopenya, yaani iliyotoka nje ya mirija.

Haya, tupige hesabu hiyo tukiwa Ngamiani, hapa Tanga. Mionzi hupigwa siku 5 kwa wiki, kwa wiki 3 hadi 5. Ukielekezwa taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni kilomita 350 hivi, kwa basi linalopita Segera na Chalinze. Hiyo si safari ya kwenda na kurudi kila siku. Anatakiwa awe na shemeji au binamu wa kumpa chumba mwezi mzima, nauli ya daladala kila asubuhi, na mtu wa kubaki na watoto na kukaanga maandazi yanayowalisha. Ile 13 haimhusu aliyeshindwa kwenda. Yeye yuko kwenye 28, na amelibakiza titi.

Aliyeondolewa titi zima kwa kawaida hahitaji mionzi, na ugonjwa humrudia mara chache sana, mmoja au wawili kati ya 100. Kidonda anakiuguzia nyumbani, kwa mama yake. Mimi hapo sioni kukurupuka.

Ipo njia ya tatu, kufuatilia bila kisu. Desemba 2024 jaribio la COMET la Marekani lilitoa matokeo ya wenye aina isiyo kali: baada ya miaka 2 saratani inayopenya ilipatikana kwa asilimia 4.2 ya waliopangiwa kufuatiliwa, na 5.9 ya waliopangiwa upasuaji. Yanatia moyo, ila miaka 2 ni michache, na kufuatilia kwenyewe ni mamografia kila baada ya miezi 6. (Huku kwetu wengi hupiga ya kwanza uvimbe ukiwa umeshakomaa.)

Mwenye pa kufikia Dar na anayelitaka titi lake asisukumwe. Asiye na pa kufikia, daktari amuulize atalala wapi kabla ya kumpa fomu ya upasuaji asaini.