Gari la jua lilikaa kivulini

Mwezi uliopita fundi mmoja wa hapa Singida alikuja shuleni kwetu na gari lake la sola. Nasema gari kwa heshima tu. Ni bajaji kuukuu aliyoing'oa injini, akafunga mota ya umeme, betri nne chini ya kiti cha nyuma na paneli mbili juu ya paa. Shule ikajiandaa kama tunavyojua kujiandaa: viti vya plastiki vikafutwa, mgeni rasmi akaalikwa, turubai likafungwa. Gari, kwa kuwa ndilo lililomleta mgeni, likaegeshwa chini ya turubai pamoja naye. Watoto wakapangwa mistari juani.

Saa mbili nzima watoto wakapigwa jua, gari la jua likapunga upepo kivulini. Hakuna mkubwa aliyeliona hilo, na mimi nafundisha sayansi.

Hotuba mnazijua. Baadaye wanafunzi wakalizunguka gari mmoja mmoja, mikono nyuma, wasiguse, kama watu wanaoaga maiti.

Mtoto wa huku hashangazwi na sola. Kwao paneli iko juu ya bati tangu hajazaliwa, na yeye ndiye anayetumwa kupanda kuifuta vumbi. Anajua siku ya mawingu taa itakata saa ngapi. Kumsimamisha mbele ya paneli na kumwambia atazame maajabu ni kumdharau. Anachokosa ni hesabu, na ruhusa ya kugusa.

Wageni walipokwenda kula pilau, nilimwomba fundi alitoe gari nje, nikabaki na darasa la sita. Akachomoa mita yake, akaigusisha kwenye nyaya za paneli. "Fundi, naweza kuziba hapa?" akauliza kijana mmoja, na kabla hajajibiwa akalaza daftari kwenye kona ya paneli. Namba ikaporomoka. Daftari dogo vile! Fundi akawaeleza kwamba vipande vile vyeusi vimeungwa kwa mfuatano, ukiziba kimoja wenzake wanakwama, kama mpira wa maji uliokanyagwa mahali pamoja. Wakaanza kubishana kuhusu majani ya mwembe na kinyesi cha kunguru.

Kisha tukaandika chini kwa kijiti. Jua la mchana huleta karibu wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri hupata kama sehemu moja ya tano tu. Paneli zile mbili zimeandikwa wati 250 kila moja, jumla 500, tena siku njema. Mota inakula 1,000. Nusu nyingine inatoka wapi? Kwenye betri. "Basi," akasema msichana mmoja wa nyuma, "likitembea saa moja, lipumzike saa moja liote jua." Fundi akacheka, akakiri kwamba kwa betri zake zilizochoka ni zaidi ya hapo.

Uniti wanazijua kwa sababu ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo tukahesabu kwa uniti: uniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa nzima. Saa tano za jua kali zinatoa uniti mbili na nusu. Lita moja ya petroli imebeba karibu uniti tisa. Wakanyamaza, wengine wakaitazama bajaji kwa huruma. Nikawaambia injini ya petroli hugeuza kama robo tu kuwa mwendo, nyingi iliyobaki inapotea kwa joto, ndiyo maana ekzosi ya bodaboda inaunguza miguu. Wawili wakapandisha sketi kidogo kuonyesha makovu.

Mwenzangu mmoja wa ofisini anasema hesabu za aina hii zinawavunja moyo watoto. Sikubaliani naye. Tangu 1987 kuna mashindano ya magari ya jua huko Australia, kutoka Darwin hadi Adelaide, karibu kilomita 3,000. Mwaka ule wa kwanza lilishinda Sunraycer la General Motors, kwa wastani wa kama kilomita 67 kwa saa. Waliolitengeneza waliihesabu kila wati, ndiyo maana lilikuwa bapa vile, dereva karibu amelala. Na hapa jirani, Kampala, mwaka 2016 Kiira Motors walizindua basi la Kayoola, viti 35, paneli juu ya paa, lenye uwezo wa kwenda umbali wa kama kilomita 80 kwa chaji moja. Ningependa mtoto akisikia hiyo 80 aulize imepatikanaje, badala ya kupiga makofi.

Saa kumi fundi akaaga. Tulikuwa tumelizungusha uwanjani mara nyingi mno, na asubuhi yote halikula jua. Lilipokaribia lango likazima. Watoto wakalikimbilia, mikono kila mahali, kwenye bodi, kwenye paneli, na safari hii hakuna mwalimu aliyekataza. Yule msichana wa nyuma alikuwa anasukuma huku anapiga kelele: "Fundi, siku nyingine usikae na wageni!"