Tarumbeta la mzee liwekwe chini lini?

Katika bendi ya tarumbeta ya usharika mmoja huku Rungwe, ambamo mimi hupiga sauti ya pili, vijana wameleta hoja: anayefikisha miaka 60 akabidhi ala yake. Hawakuileta kwa dharau. Ala tulizonazo ni chache, na kijana anaweza kukaa miaka mingi akishika tarumbeta la kuazima siku ya mazoezi tu. Tena bendi ya huku haikai kwenye viti. Tunasindikiza jeneza kwenye vilima vya matope, na Tukuyu, mji wa huku, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, tukipuliza huku tunapanda. Aliyewahi kufanya hivyo anajua jinsi miguu na tarumbeta vinavyogombania pumzi ileile.

Wazee wameumia, na nimewasikiliza wao na vijana kwa wiki kadhaa.

Nianze na hoja ya vijana, maana mwili unawaunga mkono kuliko wazee wanavyopenda kukiri. Mapafu hufikia uwezo wake wa juu katika miaka ya ishirini na kitu, kisha huanza kushuka polepole. Kifua hukakamaa, na hewa inayobaki ndani hata ukipuliza mpaka mwisho huongezeka. Kwa mkulima hilo halionekani haraka, lakini mpiga tarumbeta anaishi kwa ile hewa anayoweza kuitoa. Misuli nayo hupungua, hasa baada ya miaka 60, na midomo ni misuli. Masikio huanza kupoteza sauti nyembamba, na aliyekaa miaka 40 mbele ya tromboni huzipoteza mapema zaidi. Mzee wa namna hiyo hupuliza kwa nguvu kupita kiasi kwa sababu haisikii vizuri sauti yake mwenyewe, si kwa ubishi.

Huku kwetu, hata hivyo, naona adui mkubwa zaidi ni meno. Ule mduara wa chuma unaokaa mdomoni umeegemea mdomo, na mdomo umeegemea meno ya mbele. Jino likitoka, mdomo unakosa ukuta, noti za juu zinatetemeka au hazitoki kabisa. Wazee wetu wengi waling'olewa meno ambayo yangeweza kuzibwa, kwa sababu kung'oa ndiko walikokumudu. Meno ya bandia yanasaidia, ila aliyeyavaa huwa kama anajifunza upya, na akipuliza kwa nguvu yanaweza kucheza. Nimemwona mpigaji hodari wa sauti ya kwanza akishuka hadi ya tatu ndani ya mwaka mmoja kwa sababu ya meno mawili, na mapafu yake yalikuwa mazima.

Wazee nao wana ushahidi. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, aliimba na kupiga ngoma hadi katika ukongwe wake. Mwaka 1996 watafiti Krampe na Ericsson walichapisha utafiti uliowalinganisha wapiga piano vijana na wenzao wa umri wa miaka 60 hivi. Katika majaribio ya kawaida ya wepesi, yasiyo ya piano, wazee wote walikuwa wamepungua, mabingwa na wasio mabingwa. Lakini vidole vya mabingwa wazee vilipowekwa kwenye kazi yao ya piano, vilibaki vyepesi kwa kadiri walivyoendelea kufanya mazoezi mazito katika miaka ya karibuni. Sifa za zamani pekee hazikutosha.

Na umri si mvunjaji pekee. Leon Fleisher, mpiga piano wa Marekani, alianza kupoteza vidole viwili vya mkono wa kulia akiwa na miaka 36 tu: vilijikunja na kugoma kunyooka. Alirudi kupiga kwa mikono miwili akiwa amevuka 60. Kwa kanuni ya vijana wetu, angerudi akute ala yake imeshagawiwa.

Mfano ambao wazee wanaupenda kuliko yote ni wa mpiga piano Arthur Rubinstein, aliyefanya onyesho lake la mwisho mwaka 1976 akiwa na miaka 89. Alipozeeka alipunguza idadi ya nyimbo, akazifanyia mazoezi zaidi hizo chache, na kabla ya sehemu ya kasi alipunguza mwendo ili kasi inayofuata isikike kubwa zaidi. Hapo ndipo ninapotofautiana na wazee wangu. Rubinstein alipopiga peke yake, mwendo ulikuwa wake. Ndivyo ilivyo kwa mpiga ligombo wa Kihehe kule Iringa, mwenye bao lake lililochongwa kama hori na nyuzi zikipita juu: anapiga na kuimba, akitaka anasubiri, akitaka anakaza, na maneno aliyokusanya maishani ni sehemu ya muziki wenyewe. Bendi haimngoji mtu. Mmoja akichelewa nusu pigo, jeneza lote linayumba.

Kwa hiyo siwezi kusema kila mzee abaki alipo. Sauti ya kwanza, yenye noti za juu, iende kwa vijana. Nasema hivyo nikijua itawauma watu ninaowaamkia shikamoo kila Jumapili. Wala tuba, lile tarumbeta kubwa la noti za chini, si kimbilio, ingawa wengi wanadhani noti za chini ni nyepesi: haitaki mdomo mkali, lakini inakula hewa nyingi na ni mzigo mzito mlimani. Sauti ya tatu ndiyo inayomfaa zaidi mzee, kwa sababu haidai mkazo wa juu wala pipa la hewa. Wakiwa wawili wanaweza kupokezana pumzi na msikilizaji asijue.

Lakini kumwondoa kabisa kwa sababu ya namba ni kosa, na kosa lenyewe linajizalisha. Kinachomshikilia mpigaji mzee ni mazoezi ya sasa. Ukimnyang'anya ala, umemnyang'anya mazoezi, na baada ya miezi michache utasema, mnaona, hawezi. Hapa wazee nao wajikague. Wapo wanaolitoa tarumbeta kwenye mfuko Jumamosi tu. Mikono iliyopalilia viazi na kuchuma chai wiki nzima inafika imekaza, mara nyingi shina la kidole gumba linauma, na mwezi wa Juni na Julai baridi ya huku inavifanya vidole vizito zaidi. Robo saa kila siku, mikono ikiwa imepashwa moto karibu na jiko, ingewafaa kuliko hasira.

Jumamosi kuna kikao. Nitapendekeza kila mpigaji, awe na miaka 20 au 70, apimwe mara moja kwa mwaka kwa nyimbo tatu za msiba, akipiga huku anatembea, kisha apangiwe sauti anayoimudu, na kila ala ya sauti ya kwanza iwe na kijana anayefundishwa na mzee aliyeiacha. Yule aliyepoteza meno mawili nimemwomba awe mwalimu wa kwanza. Aliniuliza tu kama Pasaka, alfajiri, tutakapopiga makaburini, atakuwa na nafasi ya kusimama na tarumbeta lake la sauti ya tatu. Nimemwambia ndiyo.