Kaimati Ngumu

Mwalimu wa fizikia asialikwe kufuturu ukweni. Nasema hivi nami ni mwalimu wa fizikia.

Ilikuwa Ramadhani yangu ya kwanza tangu nioe, Tanga, mtaa wa Ngamiani. Tumeshaswali, tumekaa mkekani sebuleni, sinia limejaa: muhogo wa nazi, tambi, samaki wa kukaanga, na bakuli la kaimati zinazong'aa shira. Juu ya mlango kuna taa moja tu, ile ya mrija ya futi 4, ncha zake nyeusi kama sufuria ya kuni. Inakonyeza. Tonge moja unaliona, la pili unalikisia.

"Mwalimu," baba mkwe akasema, "hii taa ina nini?"

Swali la adabu hilo. Jibu lake ni "imechoka, baba", halafu unaendelea kula. Mimi nikanawa mkono.

Nikaanza. Ndani ya mrija kuna gesi ya agoni kidogo na tone la zebaki.

"Zebaki ile ya kupimia homa?"

"Hiyohiyo, baba." Kila ncha ina kiwaya, kikipata moto kinatema elektroni, zile chembe ndogo mno za umeme. Umeme unazivuta kwenda ncha ya pili, zinakimbia huku zikizidi kushika kasi. Elektroni iliyokusanya nguvu ya kama elektrovolti 10.4 ikiikumba atomu ya zebaki, inaing'oa elektroni yake. Sasa zinakimbia mbili, zinakwenda kung'oa nyingine. Iliyo na nguvu pungufu huishia kuishtua tu atomu, nayo ikitulia inatoa mwanga usioonekana. Ule unga mweupe wa ndani ya kioo ndio unaougeuza tukauona.

"Mbona hapa nje hazikimbii?" Shemeji huyo, darasa la 6, mtoto wa hatari.

"Hebu kimbia soko la Mgandini asubuhi watu wamejaa. Utapiga hatua ngapi hujagonga mtu? Ndani ya mrija gesi imepunguzwa, ni kama ufukweni alfajiri. Elektroni inapata uwanja wa kuchanganya miguu kabla haijamvaa mtu."

Mke wangu alishanikata jicho mara mbili. Lakini baba mkwe akasema "Ahaa!", na ahaa ya baba mkwe inalevya hata mwezi mtukufu. Nikapanda kigoda.

Bahati, taa ilikuwa imetulia. "Hii ndiyo stata. Inaunganisha umeme, viwaya vinapata moto, kisha inaachia ghafla, choki, ile koili ya waya ya taa, inarusha volti mamia na elektroni zinaanza mbio. Zikishaanza, stata haina kazi tena. Tazameni!" Nikaizungusha, nikaichomoa. Taa ikaendelea kuwaka.

"Mashaallah!" mama mkwe akasema. Nikashuka nimevimba kichwa, nikaiweka kando, nikarudi kwenye tambi.

Umeme ukakatika.

Haukukaa sana. Nilijua umerudi kwa kelele za watoto wa jirani. Hata feni yetu ikaanza kuzunguka. Sisi giza totoro. Elektroni zangu zimejilaza kwenye viwaya vilivyopoa, hakuna wa kuziamsha.

"Stata umeiweka wapi?" mke wangu akauliza, kwa ile sauti ya chini inayokuja na maongezi marefu usiku.

Nikaanza kupapasa. Kigoda. Mkeka. Birika. Kitu laini, chenye joto.

"Huo mguu wangu, mwanangu," mama mkwe akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Wala sikuwahi kumaliza kuomba radhi, maana upande wa pili wa sinia tukasikia *kwach!*, kisha kimya, kisha baba mkwe, taratibu:

"Mama watoto, kaimati za leo mbona ngumu?"

Shemeji akaja mbio na tochi ya simu. Baba mkwe ameishika kwa vidole viwili: kikopo cheupe, vijino viwili vya chuma, kinachuruzika shira.

Hakuna aliyecheka. Shemeji akakichukua, akakifuta vizuri kwa kanga ya mama yake, akapanda kigoda. Nilipotaka kuinuka kumsaidia, mke wangu akanivuta kanzu. Taa ikakonyeza mara tatu, nne, ikawaka.

Baba mkwe akalikagua jino lake kwa ulimi. Akaitazama taa, akanitazama mimi, akalivuta bakuli la kaimati mpaka upande wake.