Karibu na Msikiti

Mteja akinipigia simu akasema, "Niletee simiti mifuko minne, nyumba iko karibu na msikiti," huwa natamani kumuuliza kama anajua yuko mji gani. Hapa ni Amu, yaani Lamu, bwana! Mji wa Kale peke yake una misikiti zaidi ya 20. Nyumba isiyo karibu na msikiti utaitafutia wapi? Hata punda wangu analala karibu na msikiti.

"Msikiti upi?"

"Si ule wa pale."

"Pale wapi?"

"Pale penye mlango mkubwa wa nakshi."

Subhanallah! Mlango wa nakshi, Lamu! Huku punda wawili wamesimama na shogi za mizigo mgongoni, kila mfuko kilo 50, na kichochoro chenyewe hakipishani mtu na mzigo. Nyuma yangu mama mwenye kikapu cha samaki anapiga hodi kama niko ndani ya nyumba. Kwenye simu bwana mkubwa anacheka: "Ah, mzee, nawe si umezaliwa papa hapa?" Nimezaliwa hapa, ndiyo. Sikuzaliwa kichwani mwako.

Wenye kutuma salamu ndio balaa zaidi. Juzi jamaa mmoja kanishika mkono njiani: "Ukimwona Athmani mwambie Shee anamtafuta mkewe." Haya, mke wa nani? Ikiwa ni wa Shee, haki yake, amtafute. Ikiwa ni wa Athmani, hiyo ni kesi, na mimi ndiye shahidi wa kwanza. Nikapitia njia ya pwani nisionane na Athmani.

Waingereza maneno ya namna hii huyaita ambiguous. Asili yake Kilatini, kutangatanga huku na huku, yaani kazi yangu ya kila siku. Tena mwenzao mmoja, William Empson, mwaka 1930, kijana wa miaka 24, alitoa kitabu kizima akizihesabu aina za utata kwenye mashairi. Akapata saba. Saba! Huyo angekaa barazani Mkunguni, uwanja wetu wa mjini, baada ya Alasiri angeomba karatasi zaidi.

Yeye alisema utata ndio utamu wa shairi, na hapo sibishani naye. Wazee wetu nao walikuwa mafundi wa mambo hayo. Zama za Vita vya Shela, Amu ilipopigana na Mvita, yaani Mombasa, miaka ya 1810, washairi Zahidi Mngumi wa huku na Muyaka wa Mvita walirushiana beti za mafumbo, na kila upande ulijua umetukanwa wapi. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Lakini hayo ni mashairi na vita. Simiti ya kujengea choo unaifumbia nini?

Wa mashua ya kwenda Mokowe, ng'ambo bara, simsemi. "Twaondoka sasa hivi" yake kila mtu anaijua: ni mpaka abiria wajae.

Basi hurudi nyumbani nikitumai huko nitasikia lugha iliyonyooka. Wapi! Mke wangu kanunua doti mpya ya kanga, imeandikwa "Hasidi hana sababu", kaifua, kaianika juu darini, maandishi yakitazama mtaa mzima. Jirani wa kulia kaacha kutusalimu. Wa kushoto kaleta mahamri ya moto, kakaa kitako, kazungumza habari za mvua, kaondoka bila kuuliza alichokuja kuuliza. Hata mimi nikaanza kujikagua: nimenuna lini, nimeonea nani kijicho?

Nikamuuliza kwa adabu. "Mama Fatuma, kanga ile yamhusu nani?"

"Mwenyewe ajijua."

"Ni wa ndani au wa nje?"

Akacheka kidogo, akanimiminia chai. Nikaionja. Haina sukari hata chembe.

"Sukari imekwisha?"

"Yategemea," akasema, akaenda zake jikoni.