Niulize Mimi, Niko Hapa

Msichana aliingia chumba cha usaili na mkalimani wake wa lugha ya alama. Wakaketi bega kwa bega, akapanga vyeti vyake mezani, akatutazama. Mwenzangu aliyekuwa kulia kwangu akamgeukia mkalimani: "Hebu muulize kama ataweza kuelewana na wenzake kazini." Mkalimani akatafsiri. Msichana akaifuata mikono ile hadi mwisho, kisha akamkazia macho aliyeuliza na kujibu kwa ishara: "Niulize mimi. Niko hapa."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Nilikuwa mjumbe wa jopo lile na sikufungua mdomo. Hatukumwajiri. Kwenye fomu ya maksi, mbele ya jina lake, tuliandika neno moja: mawasiliano.

Tangu siku hiyo sivutiwi tena na kiongozi wa maendeleo anayenihesabia maelfu ya vijana aliowapa mafunzo. Nataka kujua watu wake wanauliza nini kijana mwenye ulemavu anapoingia mlangoni. Wakiuliza "ataweza?", najua mradi umekwama hapo hapo. Wakiuliza "kazi hii tumeipangaje, na tubadilishe nini?", hapo tunaweza kuzungumza.

Judith Heumann, Mmarekani mtetezi wa haki za watu wenye ulemavu, alikutana na swali hilo la kwanza, "ataweza?", mapema mno. Aliugua polio akiwa na miezi 18, akawa anatumia kiti cha magurudumu, na alipofikia umri wa chekechea shule ilimkataa kwa madai kwamba kiti chake ni hatari moto ukizuka. Mwaka 1970, akiwa mhitimu anayetaka kufundisha, alinyimwa leseni ya ualimu jijini New York kwa hoja ile ile ya moto. Akaenda mahakamani, kesi ikaangukia kwa Jaji Constance Baker Motley, na bodi ya elimu ikalegeza kamba. Akafundisha. Mwaka 2002 Benki ya Dunia ikamchukua kuwa mshauri wake wa kwanza wa masuala ya ulemavu na maendeleo. Kila nikiikumbuka habari hii najiuliza kwa nini, miaka yote ile, walimchunguza yeye tu na hawakuuchunguza mlango wa jengo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani 16% ya watu wote, wana ulemavu mkubwa. Kwa vijana kiwango ni cha chini zaidi, kwa kuwa ulemavu huongezeka na umri. Lakini si sifuri, na sifuri ndiyo ninayoikuta mara kwa mara kwenye orodha za mahudhurio. Kijana hupigwa danadana: mradi wa vijana unamwelekeza kwa watu wa ulemavu, nao watu wa ulemavu wanampa fimbo nyeupe na pole. Shabaha ya 8.5 ya Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, inayohusu ajira, inawataja vijana na watu wenye ulemavu katika sentensi moja. Ni sisi tuliowagawa katika ofisi mbili.

Fomu zetu nazo zina makosa yake. Kisanduku cha "Je, una ulemavu? Ndiyo/Hapana" hakimpati kijana mwenye uoni hafifu aliyeficha hali yake tangu shuleni, hasa akiijaza huku foleni inamchungulia. Kuna maswali sita mafupi ya Kundi la Washington, kundi la wataalamu wa takwimu za ulemavu chini ya Umoja wa Mataifa: je, unapata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana? Neno ulemavu halimo. Jibu lina ngazi nne, kuanzia "hapana" hadi "siwezi kabisa". Ni kazi ya dakika chache, na hapo ndipo wale mliodhani hawapo huanza kuonekana.

Halafu kuna pesa, ambako wengi hukimbilia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unasema wazi kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ni ubaguzi. Mengi ya marekebisho hayo ni madogo kuliko tunavyoyatisha: meza kuinuliwa, saa ya kuingia kusogezwa, sharti la leseni ya udereva kufutwa kwenye kazi ya kukaa ofisini. NVDA, programu ya kumsomea asiyeona kilichoko kwenye skrini, ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni, na hutolewa bure. Mkalimani, kweli, hulipwa. Basi awekwe kwenye bajeti siku ya kwanza, kabla ya mabango na fulana za uzinduzi, maana nimechoka kusikia "fungu limeisha" kila anapojitokeza kiziwi. Ujerumani mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi asiyefikisha 5% ya nafasi kwa watu wenye ulemavu mkubwa hulipa tozo, na tozo hiyo husaidia kugharimia marekebisho ya kazini. Naupenda mfumo huo kwa sababu fedha zinajulikana zinatoka wapi.

Siku hizi nikiwa kwenye jopo, mkalimani simketishi tena kando ya anayesailiwa. Namweka upande wetu, karibu na anayeuliza, ili kijana akitazama ishara awe anatutazama na sisi, na sisi tusipate pengine pa kupeleka macho ila kwake.